Kinanda Kisicho na Mlango

Wazee wengi wa nchi yetu wanakumbuka desturi moja ya zamani. Redio ilipoanza kunong'ona badala ya kusema, mwenyewe aliigeuza, akafungua kifuniko kidogo cha nyuma, akatoa mawe yake na kuyaanika juani. Jioni mawe yale yalirudishwa mahali pake, na redio ikapata sauti ya siku moja au mbili zaidi. Yalipokufa kabisa, mtoto alitumwa dukani kuleta mengine. Hapana mtu aliyeona ajabu katika jambo hilo. Redio ilikuwa na mlango, na mwenye redio alikuwa na ruhusa ya kuingia.

Mwaka 2001 ulimwengu ulipewa kinanda ambacho hakikuwa na mlango. Jina lake lilikuwa iPod. Nakiita kinanda kwa sababu wazee wetu waliita gramafoni kinanda cha santuri, na kazi ya vitu hivi viwili ni moja, yaani kutunza sauti ya mwimbaji asiyekuwapo. Historia ya kinanda hiki ni fupi, lakini imebeba swali kubwa. Mtu anunuapo kitu, je, hununua kitu chenyewe, au hununua siku chache za kukitumia? Tutalitafutia swali hilo jibu kwa kufuata mambo mawili yaliyofichwa ndani ya kinanda: ghala linalotunza nyimbo, na betri inayokipa uhai.

Tuanze na ghala. Binadamu ametamani kutembea na muziki wake kwa muda mrefu, ila muziki ulikuwa mzigo. Gramafoni ilitaka meza, na santuri zake zilivunjika zikianguka. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ya kuuzwa madukani ilitoka Marekani, nayo ilikuwa ndogo ya kuingia mfukoni. Lakini msikilizaji wa redio husikiliza wimbo aliochaguliwa na mwingine. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, mashine ndogo ya kaseti, na watu wakaanza kutembea barabarani wakisikiliza nyimbo za hiari yao. Walakini kaseti moja ilibeba muziki wa saa moja au saa moja na nusu, na aliyetaka zaidi alilazimika kujaza mkoba.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanzishwa, mbali kabisa na mambo ya muziki. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kutunza hesabu za biashara iliyoitwa RAMAC. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 zilizopakwa rangi ya sumaku, kila moja ina upana wa sentimita 61, zote zikizunguka juu ya mhimili mmoja. Uzito wa mashine ulizidi tani moja, na herufi zilizoweza kutunzwa humo zilikuwa milioni 5 tu. Hiyo ndiyo diski ngumu ya kwanza. Kwa muda wa miaka 45 wataalamu waliipunguza umbo na kuiongezea nafasi, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2001 kampuni ya Toshiba ya Japani ikawa na diski ambayo sahani yake ilikuwa na upana wa inchi 1.8, karibu sawa na mdomo wa kikombe cha kahawa. Diski hiyo ilitunza gigabaiti 5, yaani herufi milioni 5,000. Kitu kilichokaa kwenye kiganja cha mtoto kilikuwa na nafasi mara elfu moja kuliko mashine ya tani nzima.

Ajabu ni kwamba waliokiunda hawakuwa na hakika kitatumika wapi. Mwezi wa Februari mwaka huo Jon Rubinstein, mhandisi mkubwa wa kampuni ya Apple, alikuwa Japani, akaonyeshwa diski hiyo. Yeye alikuwa akitafuta ghala dogo la nyimbo, na mara moja alitambua kuwa amelipata.

Nyimbo nazo zilikuwa tayari kuingia. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi kuunda njia ya kubana sauti iitwayo MP3. Njia hiyo huziacha sehemu za sauti ambazo sikio la mtu haliwezi kuzitambua, na wimbo ukabaki na takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Basi tarehe 23 Oktoba 2001, huko Cupertino katika jimbo la California, Steve Jobs alitoa mfukoni kinanda chenye uzito wa gramu 185, kilichobeba nyimbo elfu moja, kwa bei ya dola 399. Uso wake ulikuwa mweupe na mgongo wake ulikuwa wa chuma kinachong'aa kama kioo. Mgongo huo haukuwa na msumari wala parafujo, wala hata tundu la kuingiza ukucha.

Uzuri huo ulificha vitu viwili vyenye maisha mafupi. Cha kwanza kilikuwa diski yenyewe. Sahani yake ilizunguka mara 4,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kilielea juu yake bila kuigusa, juu ya utando wa hewa mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Waundaji waliijua hatari hiyo, wakafanya hila njema. Waliweka ndani ya kinanda ghala la pili la muda, la megabaiti 32. Diski iliamka, ikajaza ghala hilo nyimbo, kisha ikalala. Na kinanda kikaendelea kuimba kwa dakika nyingi huku sahani imetulia. Hila hiyo iliokoa nguvu za betri na kupunguza ajali. Lakini kinachozunguka huchakaa. Kinanda kilichoanguka kutoka mezani wakati diski iko macho kiliweza kukwaruzwa moyoni, na miaka ilipopita wenye vinanda walianza kusikia ndani yake mlio wa kugonga, kama kucha juu ya ubao. Aliyeusikia mlio huo alijua kuwa nyimbo zake zimo hatarini.

Cha pili kilikuwa betri. Hii haikuwa kama mawe ya redio, bali betri ya lithiamu inayochajiwa tena na tena. Historia yake ni ya heshima. Stanley Whittingham aliifanyia kazi ya mwanzo katika miaka ya 1970. John Goodenough aliiongezea nguvu mwaka 1980 kwa kutumia madini ya kobalti. Akira Yoshino wa Japani aliifanya iwe salama zaidi mwaka 1985. Na Sony iliingiza betri za namna hiyo sokoni mwaka 1991. Wataalamu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani ya betri hiyo chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili wakati wa kuchaji, na kurudi zilikotoka wakati wa kutumika. Kila safari huacha uchakavu kidogo. Joto huzidisha uchakavu huo, na hata betri iliyokaa kabatini bila kazi huzeeka polepole. Baada ya mamia ya safari, betri iliyokuwa ikiimba mchana kutwa huweza kuimba saa moja tu.

Hapa tuwe waadilifu. Kufa kwa betri si dosari ya kiwanda. Ni tabia ya kitu chenyewe. Mawe ya redio yalikufa pia, tena upesi zaidi. Tofauti ilikuwa moja: jiwe lilipokufa, redio haikufa nalo. Kinanda kisicho na mlango kiliunganisha uhai wa sehemu zote na uhai wa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Manung'uniko hayakukawia. Mwaka 2003 vijana wawili wa New York, ndugu Casey na Van Neistat, walitengeneza filamu fupi ya dakika chache. Betri ya kinanda chao ilikuwa imechoka baada ya mwaka mmoja na nusu, nao wakaandika kwa rangi juu ya matangazo ya kinanda hicho mitaani onyo kwamba betri yake haibadilishwi. Filamu hiyo ilitazamwa na watu wengi sana. Karibu na wakati huohuo kampuni ilitangaza kuwa itabadilisha betri kwa malipo ya dola 99. Kesi zilifunguliwa mahakamani, na mwaka 2005 zikamalizwa kwa suluhu: wenye vinanda vya miaka ya mwanzo ambavyo betri zake zilidhoofika walipewa hati ya kununulia vitu vya dola 50, au kwa baadhi yao betri mpya. Mlango haukuwekwa, lakini ilikubalika hadharani kuwa mgeni aliyekuwa ndani alihitaji kutolewa.

Mwaka huohuo wa 2005 jambo jingine lilitokea, nalo liligusa ghala. Apple ilitoa iPod nano, kinanda chembamba kisichokuwa na diski ya kuzunguka. Nyimbo zake zilitunzwa katika kumbukumbu ya fleshi, ambamo chembe za umeme hunaswa ndani ya vyumba vidogo mno na kubaki humo hata umeme ukizimwa. Hakuna kinachozunguka wala kinachoelea, kwa hiyo hakuna cha kukwaruzwa. Aliyevumbua fleshi ni Fujio Masuoka, katika miaka ya 1980, naye alikuwa mfanyakazi wa Toshiba. Hivyo diski ndogo na mrithi aliyekuja kuiondoa katika kazi walitoka katika nyumba moja. Mwanzoni fleshi ilikuwa ghali. Nano za kwanza zilibeba gigabaiti 2 au 4 tu, hali vinanda vikubwa vya diski vilikuwa na 30 au 60. Aliyependa nyimbo nyingi aliendelea kushika diski.

Lakini soko lilihama. Simu za mkononi zilianza kuimba, na watu wakaona haina haja kubeba vitu viwili. Tarehe 9 Septemba 2014 kinanda cha mwisho cha diski, kilichoitwa iPod classic, kiliondolewa madukani. Mkuu wa Apple, Tim Cook, alieleza baadaye kwamba sehemu za kukiundia hazikupatikana tena popote duniani, na kwamba kukibuni upya kungekuwa kazi kubwa kwa wanunuzi wachache. Mwaka 2022 jina la iPod lenyewe lilifikia mwisho. Kwa hesabu ya kiwanda, historia ilikuwa imekwisha.

Kwa hesabu ya wenye vinanda, historia ilikuwa imefika mahali pazuri. Kiwanda kilisema kuwa diski hazipatikani. Wao wakauliza kama ni lazima iwe diski. Kinanda hakijui nini kilichoko upande wa pili wa waya. Kinaomba wimbo na kusubiri jibu. Yeyote ajuaye kujibu kwa lugha ya diski anaweza kukaa mahali pa diski. Basi mafundi wa nchi mbalimbali walitengeneza kibao kidogo cha kijani ambacho upande mmoja hupokea utepe wa waya wa kinanda, na upande wa pili hupokea kadi za kumbukumbu, zilezile zinazotiwa katika kamera. Kibao hicho ni mkalimani. Kinanda husema lugha ya mwaka 2005, kadi hujibu kwa lugha ya leo, na mkalimani huwapatanisha.

Kazi yenyewe si kubwa, lakini inataka utulivu. Fundi huchukua ubapa mwembamba wa plastiki na kuusukuma katika ufa ulio kati ya uso na mgongo, akizilegeza ndoana za ndani moja baada ya moja. Kinanda kikifunguka havuti kwa nguvu, maana pande mbili zimeungana kwa tepe nyembamba za waya ambazo haraka ya dakika moja huzikata. Huinua diski ya zamani, huufungua utepe wake, huweka kibao chenye kadi. Kisha huibandua betri iliyogundishwa kwenye mgongo, akiwa mwangalifu kuliko mahali pengine pote, kwa maana betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto, na iliyovimba haifai kuchajiwa tena hata mara moja. Mwisho hukiunganisha kinanda na kompyuta, nayo hukiandikia upya programu yake. Kijana asiyewahi kuifanya kazi hiyo aifanye mbele ya fundi.

Faida zake ni kubwa. Kinanda kilichozaliwa na gigabaiti 30 huweza kubeba 256. Uzito hupungua, kwa kuwa kadi ni nyepesi kuliko diski. Betri huishi zaidi, kwa kuwa hakuna sahani ya kuamshwa. Na kwa kuwa kadi haichukui nafasi yote iliyoachwa na diski, mahali palipobaki huingia betri kubwa zaidi kuliko ile ya kiwandani. Kitu kilichodhaniwa kuwa maiti hurudi kikiwa na nguvu kuliko siku ya harusi yake.

Hata hivyo, tusidhani kuwa mapenzi hushinda mipaka yote. Vinanda vya miaka ya mwanzo viliandikiwa kuhesabu vipande vya ghala kwa tarakimu 28 za kompyuta. Tarakimu hizo zikijaa, hesabu hufika vipande 268,435,456, kila kimoja cha herufi 512, na hapo hukoma, karibu na gigabaiti 128 kwa hesabu ya kompyuta. Ukikipa ghala kubwa kuliko hilo, hakioni kilichozidi. Tena orodha ya majina ya nyimbo lazima isomwe katika kumbukumbu ndogo ya muda. Nyimbo zikizidi mno, kinanda hukwama hata kama ghala lina nafasi. Aliyeunda kitu huacha mkono wake ndani yake, na anayekirekebisha hana budi kwanza kuusoma mkono huo.

Sasa tuwasikilize waundaji, kwani hukumu isiyosikiliza pande mbili si hukumu. Mlango huchukua nafasi. Betri ya kutolewa hutaka ganda gumu la kuikinga. Kitu kinachofunguka huingiza vumbi na unyevu. Wanunuzi walitaka kinanda chembamba, nao walipewa. Sisi tuliosifu mgongo unaong'aa tuna sehemu yetu katika jambo hili, maana hatukuuliza dukani kuna nini nyuma yake. Lakini hoja hizo zote hueleza kwa nini mlango uwe mgumu kufunguliwa. Hazielezi kwa nini usiwepo kabisa.

Na jambo hili halihusu starehe ya muziki peke yake. Kobalti iliyomo katika betri za namna hiyo, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika udongo wa Kolwezi na nchi zinazoizunguka, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Wengine huichimba kwa mashine za makampuni, na wengine kwa sururu na mikono yao, wakiteremka katika mashimo yanayoweza kuwafukia. Kitu kinapotupwa kwa sababu ya sehemu moja iliyochoka, jasho la watu hao hutupwa pamoja nacho. Na kinapotupwa hakitoweki. Huenda jaani, ambako sumu zake huingia katika udongo na maji.

Serikali zimeanza kulitambua jambo hili. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kuanzia Februari 2027 vifaa vya mkononi, isipokuwa vichache, viwe na betri ambazo mtumiaji mwenyewe anaweza kuzitoa na kuweka nyingine. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2022 ya kusimamia taka imeweka wajibu juu ya watengenezaji na waingizaji wa bidhaa, hata baada ya bidhaa hizo kuchakaa. Ndugu wale wawili wa New York walikuwa na kopo la rangi tu. Baada ya miaka 20 neno lao limeingia katika vitabu vya sheria.

Lakini sheria bila mikono ni maandishi. Bahati yetu ni kwamba mikono tunayo. Pita Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au soko lolote la mji wa wilaya, utamwona fundi wa simu ameinamia meza ndogo, na bisibisi zake zimepangwa kwa ukubwa. Hufungua kila siku vitu ambavyo viliundwa visifunguliwe. Watu wengine humdharau, wakamwona kuwa fundi wa vitu vikuukuu. Dharau hiyo haina msingi. Kazi yake ni ileile ya waliounda mkalimani wa kadi: kujua sehemu inafanya nini, ipi imekufa, na ipi inaweza kukaa mahali pake. Ujuzi huo huanzia darasani, katika somo la umeme na kemia ambalo mwanafunzi mvivu huuliza litamfaa nini.

Turudi katika swali letu la mwanzo. Anayekitumia kitu asichokijua amekikodi tu, hata kama ana risiti ya kununulia. Muda wa kukirudisha umepangwa na mwingine. Anayejua kilivyo ndani ndiye mwenyewe, kwa kuwa anaweza kukiongezea siku. Wazee walioanika mawe juani hawakusoma kemia, lakini hapana aliyewapangia siku ya mwisho ya redio yao. Nawe siku moja utasimama mbele ya meza ya duka na fedha yako mkononi, na kitu kizuri kitang'aa mbele yako. Kabla ya kulipa, kigeuze ukitazame mgongo, uutafute mlango.